Mahakama ya Arusha iliwahukumu wakubwa. Wanawake wa Taba walipata nini?

Mkazi wa Kijenge (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye nafasi akae asome.

Kuanzia 1995 hadi Desemba 31, 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikuwa hapa hapa Arusha, ndani ya majengo ya AICC. Wenyeji wengi tuliijua kwa magari yake meupe, kwa kodi za nyumba zilizopanda, na kwa ndugu au jirani aliyepata kazi ya udereva au ulinzi. Wachache sana waliingia kwenye viti vya wasikilizaji, nyuma ya kile kioo, wakavaa vifaa vya masikioni na kusikiliza. Mimi niliingia nikiwa kijana, na tangu hapo nimekuwa nikizisoma hukumu zake. Neno langu leo ni moja: jamii inayotaka kujibu mauaji ya halaiki ianze na aliyenusurika. Arusha ilianza na mshtakiwa, na kwa sehemu kubwa ikaishia kwake.

Chukueni kesi ya Jean-Paul Akayesu. Alikuwa mwalimu, baadaye akawa mkuu wa komini (eneo dogo la utawala ndani ya mkoa) ya Taba katika mkoa wa Gitarama, Rwanda. Watu wa Taba walimheshimu. Jioni ya Aprili 6, 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilidunguliwa Kigali ikitokea Dar es Salaam, kwenye mkutano wa marais wa ukanda wetu. Ndani yake alikuwamo pia Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza usiku ule ule. Sasa, Akayesu alikataa. Kwa siku zaidi ya kumi aliwazuia Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu walioongoza mauaji, wasifanye watakalo Taba, na mahakama yenyewe ilikubali kwamba alifanya hivyo. Kisha Aprili 18 viongozi wa serikali ya mpito wakakutana na wakuu wa komini za Gitarama. Aliyerudi kutoka mkutano ule alikuwa mtu mwingine. Asubuhi ya Aprili 19, pale Gishyeshye, alisimama mbele ya umati akawataka waungane kummaliza adui, na hakuna aliyekuwapo ambaye hakujua adui ni nani.

Zitafakarini hizo siku kabla ya Aprili 18. Tunapenda kuyasimulia mauaji ya kimbari kama wazimu uliowashika watu ghafla. Wazimu hauitishi kikao. Redio RTLM ilikuwa hewani tangu Julai 1993, ikiwaita Watutsi mende. Vitambulisho vya kila raia vilikuwa na mstari wa kabila tangu enzi ya Wabelgiji, kwa hiyo aliyesimama kizuizini na panga hakuhitaji kukisia. Silaha zilishafichwa; Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa Rwanda, aliwaandikia wakubwa wake New York kuhusu silaha hizo Januari 11, 1994, miezi mitatu kabla, akajibiwa asizikamate. Kilichokuwa kinahitajika bado ni watendaji wa ngazi ya chini: mkuu wa komini, mjumbe, mwenyekiti wa mtaa. Bila mtu kama Akayesu kukubali, amri ya Kigali isingefika kwenye mlango wa nyumba.

Tuje kwenye kesi. Ilianza Januari 1997. Hati ya mashtaka haikuwa na neno hata moja kuhusu ubakaji. Mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa alishaandika kwamba waliobakwa Rwanda ni kati ya 250,000 na 500,000, lakini kwenye hati ya Taba hapakuwa na kitu. Akaja shahidi aliyefichwa jina, akaitwa J. Alikuwa ameitwa kueleza mambo mengine. Katikati ya maelezo akasema binti yake wa miaka sita alibakwa na Interahamwe watatu. Wachunguzi walikuwa hawajawahi kumuuliza. Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee katika jopo lile, ndiye aliyeanza kuchimba. Akafuata shahidi H, naye akasema. Mashirika ya wanawake yakaiandikia mahakama, na Juni 1997 hati ya mashtaka ikabadilishwa, ubakaji ukaingizwa.

Ndipo akaja JJ. Alikuwa amekimbilia makao makuu ya komini akiamini mkuu wa komini atawakinga yeye na mtoto wake. Alibakwa mara nyingi kwenye kituo cha utamaduni kilichokuwa jirani, na akaeleza kwamba alimwona Akayesu amesimama mlangoni. Septemba 2, 1998 mahakama ikamtia Akayesu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo baada ya kesi kusikilizwa, tangu mkataba wa 1948. Ikaamua pia kwamba ubakaji, ukifanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi, ni mauaji ya kimbari. Leo sheria hiyo inasomwa vyuo vikuu dunia nzima. Ilizaliwa Arusha, na iliyoizaa ni midomo ya wanawake wakulima wa Taba ambao hakuna aliyekuwa amepanga kuwauliza.

Sasa swali la kichwa cha uzi. Walipata nini?

Wengi wa waliobakwa waliambukizwa virusi vya Ukimwi. AVEGA, chama cha wajane wa mauaji yale, kilipowapima wanachama wake kilikuta zaidi ya nusu ya waliobakwa wanaishi na virusi. Miaka ile dawa za kufubaza virusi zilikuwa ghali, na kijijini Rwanda hazikuwepo. Lakini mahabusu ya Umoja wa Mataifa, kule Kisongo karibu na uwanja wa ndege, ilikuwa na huduma kamili ya afya. Mshtakiwa mwenye virusi alipewa dawa. Shahidi alipandishwa ndege, akalazwa kwenye nyumba salama, akasimulia jinsi alivyobakwa, akahojiwa na mawakili wa utetezi, kisha akarudishwa kijijini mikono mitupu. Wapo waliofariki kabla ya rufaa kwisha. Sisemi mshtakiwa angenyimwa dawa. Kumtibu ni wajibu. Nasema taasisi ile ile, kwa fedha zile zile, ilimwona mmoja ni binadamu anayeumwa na mwingine ikamwona ni ushahidi. Vyama vya manusura vililalamika kwa miaka ndipo mahakama ikaanza kuwasaidia mashahidi matibabu kule Kigali. Kwa baadhi yao, muda ulikuwa umeshapita.

Na hata heshima ya kusikilizwa haikuwa ya uhakika. Oktoba 2001, katika kesi ya Butare, shahidi aliyekuwa akihojiwa kuhusu kubakwa kwake aliona majaji wakicheka. Mahakama ilieleza kwamba walicheka jinsi wakili alivyokuwa akiuliza, hawakumcheka yeye. Nalikubali elezo hilo. Lakini nikijiweka kwenye kile kiti, ugenini, nikiwa nimetoka kusema jambo ambalo huenda hata mama yangu sijamwambia, kicheko ni kicheko. Mwanzoni mwa 2002 Ibuka, mwamvuli wa vyama vya manusura, na AVEGA wakasitisha ushirikiano na mahakama.

Fidia nayo haikuwepo. Mahakama ya Arusha haikupewa mamlaka ya kuwaagizia waathirika fidia. Walielekezwa kwenye mahakama za nchi zao. Watu 93 walishtakiwa, zaidi ya 60 wakahukumiwa, 14 wakaachiwa, na mashahidi zaidi ya 3,000 walisikilizwa. Gharama yote ilikaribia dola bilioni 2. Katika fedha hizo, shilingi ya bima ya afya ya shahidi, ada ya mtoto wake au bati la nyumba yake haikuwa na fungu.

Nimemaliza sehemu ya kwanza. Ya pili ni kuhusu gacaca, lakini nasubiri michango kwanza.

Mto Kagera

Mkuu, uzi mzito. Mimi ni mtu wa Ngara. Aprili 28 na 29, 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa ishirini na nne. Sisi tulikuwa watoto, tuliona bonde limegeuka rangi. Na chini ya daraja maji yalikuwa yanaleta maiti, mikono imefungwa nyuma. Maiti zile zilikwenda na Kagera mpaka ziwani, na Waganda wa Kasensero, Lambu na Ggolo waliziopoa na kuzizika kwa maelfu. Wavuvi wale hawakulipwa na mahakama yoyote wala hawakuwa wanawajua marehemu. Waliona haifai binadamu aliwe na samaki.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba waliovuka hawakuwa wote wakimbizi wa kweli. Pale Benaco, kambi ya wakimbizi ya Ngara, waliingia na viongozi wao, wale wale walioongoza mauaji, na mashirika yakaanza kugawa chakula kwa kupitia hao hao. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa kambini Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa komini ya Murambi, maelfu ya watu walizingira wafanyakazi wa misaada kwa mapanga na fimbo. Mashirika yakasimamisha kazi kwa muda. Gatete akaja kukamatwa Kongo-Brazzaville mwaka 2002, akahukumiwa Arusha 2011 kifungo cha maisha, rufaa ikapunguza hadi miaka 40. Fikirini, mtu alikuwa mkononi mwetu Ngara.

Mkazi wa Kijenge

Ndugu yangu wa Ngara, asante sana. Hili la Benaco linashikana na mada moja kwa moja. Aliyenusurika na aliyeua walikula foleni moja, na mwenye sauti kambini alikuwa aliyeua kwa sababu ndiye aliyekuwa na daftari la majina. Kutenganisha watu kambini ni kazi ya wiki za mwanzo. Ikichelewa, haifanyiki tena. Kule Goma na Bukavu ilishindikana kabisa, na vita iliyofuata Kongo ilitoka humo.

Babu Mstaafu

Vijana, mimi nasema haya mambo yana zaidi ya miaka thelathini. Kufukua fukua kunatonesha vidonda. Warwanda wenyewe wameshasameheana, wanaishi pamoja, nchi yao safi na barabara nzuri. Sisi wa nje kinachotuwasha nini?

Mkazi wa Kijenge

Shikamoo babu. Nakujibu kwa heshima, na hapa ndipo niweke sehemu ya pili.

Mwishoni mwa miaka ya tisini magereza ya Rwanda yalikuwa na watu wapatao 120,000 waliosubiri kesi, wamebanana kiasi kwamba wengine walilala kwa zamu na miguu ikaoza. Majaji na mawakili wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Ilikadiriwa kwamba kwa mahakama za kawaida kesi zile zingechukua zaidi ya miaka mia moja. Ndipo wakaichukua gacaca, baraza la wazee la kusuluhisha ugomvi wa mipaka na mifugo, wakalipatia kazi ambayo halikuwahi kuifanya. Wananchi walichagua waamuzi wao, inyangamugayo, raia wa kawaida wasio na mshahara. Mabaraza yapatayo 12,000 yalikaa kila wiki kwenye nyasi, nje, mpaka yalipofungwa rasmi Juni 18, 2012. Yalikuwa yameamua mashauri karibu milioni 2, mengi yao yakiwa ya mali.

Anayekiri, akaeleza alichofanya na nani alikuwa naye, akaomba radhi, alipunguziwa adhabu, na sehemu yake akaitumikia kwa kazi za jamii. Wakili hakuwepo. Udhaifu ulikuwa mwingi: wapo waliosingiziwa kwa ugomvi wa shamba, wapo mashahidi waliouawa kabla ya kusema, wapo waliokiri nusu tu ili watoke. Sitaki kuipamba.

Lakini gacaca ilimpa manusura kitu ambacho Arusha haikuweza kumpa. Ilimwambia mama mwanawe yuko wapi. "Tulimtupa kwenye choo cha fulani, nyuma ya migomba." Maneno hayo yalisemwa mbele ya kijiji kizima, na kesho yake watu walikwenda na majembe. Ndiyo, babu, kule ni kufukua, kwa majembe hasa. Aliyetaka kufukua alikuwa mama mwenyewe, kwa sababu bila mifupa hana kaburi, na bila kaburi hajui aketi wapi na msiba wake. Gisozi pale Kigali, kwenye makumbusho ya mauaji yale, wamezikwa watu wapatao 250,000, wengi waliletwa hivyo, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

Kuhusu kusamehe: hiyo ni haki ya aliyeumizwa, na ana haki vilevile ya kutosamehe. Nimesoma maelezo ya wajane walioshinikizwa na majirani na viongozi wa dini waseme "nimesamehe" ili mambo yaende. Aliyemwua mumeo anarudi kutoka gerezani, anajenga mita hamsini kutoka kwako, wewe ndiye unayeambiwa uwe na moyo mkubwa. Baraza likimwagiza alipe ng'ombe aliowachukua, anasema hana kitu, na ni kweli hana kitu. Mfuko wa serikali wa kusaidia manusura, FARG, ulianzishwa 1998, ukasomesha watoto wengi na kujenga nyumba. Ule ni msaada kwa wahitaji, na nausifu. Fidia ni jambo jingine: ni kukiri kwamba unadaiwa.

Bukavu Leo

Ndugu mleta uzi, mimi ni Mkongomani, niko Kivu ya Kusini. Nasoma hapa naona machungu. Munazungumza Rwanda tu. Sisi wafu wetu nani anawahesabu? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliandika visa 617 vya mauaji na ubakaji kwetu, kuanzia 1993 mpaka 2003. Wakimbizi wa Kihutu waliuawa katika misitu, wanawake na watoto, na Wakongomani wenyeji pia. Ripoti imewekwa kwenye kabati. Daktari Mukwege, anayewatibu wanawake waliobakwa hapa kwetu, anaomba mahakama kila siku, hakuna. Sasa munapotuambia haki ya Arusha, sisi tunauliza: haki ya nani?

Mkazi wa Kijenge

Ndugu wa Bukavu, uchungu wako una haki zote, na sitaufunika.

Mamlaka ya mahakama ya Arusha yalikuwa ya mwaka 1994 tu, ndani ya Rwanda na nchi jirani kwa makosa ya raia wa Rwanda. Uhalifu wa wanajeshi wa RPF, waasi waliotwaa madaraka Rwanda Julai 1994, ndani ya mwaka huo ulikuwa ndani ya mamlaka yake. Hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa Arusha. Mwendesha mashtaka Carla Del Ponte alitaka kuuchunguza, na 2003 akaondolewa kwenye kesi za Rwanda; mwenyewe amesema hadharani kwamba aliondolewa kwa sababu hiyo. Kesi moja, ya mauaji ya viongozi wa Kanisa Katoliki mwaka 1994, iliachiwa Rwanda: 2008 maofisa wawili walipewa kifungo cha miaka minane, kikapunguzwa, na wawili wakaachiwa. Basi.

Hilo lilikuwa kosa kubwa, na nalisema nikijua watu wawili tofauti watalitumia vibaya. Yupo atakayesema "basi kulikuwa na mauaji ya kimbari mawili, ngoma droo", ili ayapunguze ya Watutsi. Huyo amejibiwa: Juni 2006 majaji wa rufaa waliamua kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni ukweli unaojulikana, hauhitaji tena kuthibitishwa kila kesi. Na yupo atakayesema ukiwataja wafu wa Kongo unakana mauaji ya 1994. Huyo naye simkubali. Mtoto wa Kihutu aliyeuawa msituni karibu na Kisangani hakuwa Interahamwe. Mama wa Kivu aliyebakwa hakupanga chochote Kigali. Ukianza na aliyenusurika, kama nilivyosema juu, huwezi kumuuliza kabila kabla ya kumuuliza kilichompata.

Kwa hiyo nakuunga mkono: mahakama kwa ajili ya Kongo inahitajika, na iwe na mfuko wa waathirika tangu siku ya kwanza, kabla ya kununua magari.

Nakuru Mjini

Hapa Kenya tuliona upande mwingine wa shilingi. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu 1,133 waliuawa kwa hesabu ya Tume ya Waki. Kesi zikaenda The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), mmoja wa washtakiwa akiwa mtangazaji wa redio. Mashahidi wakaanza kubadilisha maneno mmoja baada ya mwingine, mwendesha mashtaka akalalamika kwamba wanavurugwa. Desemba 2014 kesi ya kwanza ikaondolewa, Aprili 2016 ya pili ikasimamishwa. Machi 2015 rais aliomba msamaha Bungeni akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathirika. Wenzetu waliochomewa nyumba Bonde la Ufa walisikia hizo habari kwenye redio kama sisi wote, na wengi wamezeeka wakingoja. Kwa hivyo ndugu wa Arusha, angalau nyinyi mlipata hukumu. Sisi hatukupata hukumu wala fidia.

Mkazi wa Kijenge

Kweli kabisa, na nisieleweke kwamba naidharau hukumu. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya mpito ya Rwanda, alikiri mauaji ya kimbari mwenyewe, Mei 1998, mbele ya majaji. Pauline Nyiramasuhuko, waziri wa familia na maendeleo ya wanawake, alihukumiwa hapa mwaka 2011 na jopo lililoongozwa na jaji wa Kitanzania, William Sekule. Wenye redio na gazeti la *Kangura* walihukumiwa 2003. Leo mtu akisema "yale yalikuwa mapigano ya kikabila tu", kuna maelfu ya kurasa za kumjibu. Nakuru hamna hizo kurasa, na pengo hilo linaonekana kila mkikaribia uchaguzi.

Mwanafunzi wa Mabibo

Kaka, nimesoma mpaka machozi. Swali langu: je, kuna mahali popote walipofanya vizuri upande wa fidia? Na sisi raia wa kawaida tunaweza kufanya nini, maana maamuzi yote haya ni ya wakubwa.

Mkazi wa Kijenge

Dada yangu, mahali walipomaliza vizuri sipajui, ila pameanza kuboreka. Mkataba wa Roma uliounda mahakama ya The Hague umeweka mfuko wa waathirika ndani yake, jambo ambalo Arusha haikuwa nalo. Februari 28, 2024 majaji waliagiza fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa waathirika wa Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA, kaskazini mwa Uganda. Wanaohusika ni karibu watu 50,000, kila mmoja euro 750 za kumtambua, pamoja na matibabu na huduma nyingine za pamoja. Ongwen hana fedha, kwa hiyo mfuko unapaswa kuzitafuta kwa nchi wanachama. Tanzania ni mwanachama tangu 2002. Hapo pana swali la kumpelekea mbunge wako, na ni swali halali: nchi yetu imechangia nini?

Kuhusu raia wa kawaida, Machi 18, 1997 waasi waliingia shule ya sekondari Nyange, magharibi mwa Rwanda, usiku, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa. Walisema wao ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na mabomu, baadhi wakafa pale. Mita chache kutoka shule ile kuna parokia ambayo mwaka 1994 kanisa liliangushwa kwa buldoza juu ya watu wapatao 2,000. Watoto wale walijua wanachokikataa. Walikuwa wanapita kando ya kifusi kila siku. Sikutakii ufikishwe hapo. Nataka ujue tu kwamba mtu wa kawaida anaombwa mambo madogo mapema sana kabla ya hayo makubwa: aandike orodha ya kaya kwa kabila, asambaze ujumbe unaowaita jirani wadudu kwenye kundi la WhatsApp, anyamaze mgombea anapotukana kabila la watu jukwaani. Akayesu naye aliombwa kwa hatua, na kwa siku zaidi ya kumi jibu lake lilikuwa hapana.

Na lipo la hapa hapa nyumbani. Kumbukumbu za mahakama ile ziko Lakilaki, nje kidogo ya mji, kwenye majengo ya taasisi iliyorithi kazi zake, yaliyofunguliwa 2016. Hukumu ya Akayesu ni waraka wa wazi, unapatikana mtandaoni bure kwa Kiingereza na Kifaransa. Ombi langu kwa wanasheria na wakalimani mlio humu: tuiweke kwa Kiswahili ile sehemu ya ushahidi wa J, H na JJ, ili mtu wa Ngara, wa Bukavu na wa Nakuru aisome bila mkalimani. Mimi nimeshaanza na ushahidi wa J. Mwenye kuweza kuchukua sehemu ya JJ aandike hapa chini nimtumie kurasa zake.

Mto Kagera

Mimi nachukua ya H. Nitumie.